Talaka Iliyokwama Foleni

Sehemu ya kumi na moja

Mliokosa gazeti la wiki jana nitawafupishia. Aibu yangu imeshazoea kurudiwa.

Dada yangu wa tumbo moja aliachwa kwa simu. Siku hizi talaka unaijaza kwenye simu yako, unaweka kidole, unabonyeza, na ombi linakwenda Ofisi ya Usajili, kwenye daftari la mitambo wanaloliita blokcheni. Shemeji alibonyeza saa nne na dakika sita asubuhi. Saa nne na dakika arobaini akafa kwenye kiti cha kinyozi, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Talaka yake ikafungwa kwenye daftari saa tano na dakika kumi na tisa, mwenyewe ameshafunikwa shuka.

Kanuni inasema ombi halihesabiki mpaka lifungwe. Kwa hiyo dada yangu ni mjane, na nyumba ni yake na wanawe wawili. Lakini ikionekana kwamba ilifungwa kabla ya saa nne na dakika arobaini, basi yeye ni mtalaka tu, na wifi yake amtolee virago nje.

Wifi huyo tunamwita Kufuli. Alikuja msibani na kufuli lake mwenyewe kwenye mkoba, jipya, bado na karatasi ya dukani, na siku ya tatu akalitia mlangoni dada yangu akiwa ametoka kununua chumvi. Tangu hapo dada na wanawe wanalala sebuleni kwangu, katikati ya cherehani na kabati la vyombo.

Na mimi? Mimi ndiye mpimaji wa ucheleweshaji pale usajili. Tuna mashine saba, tunaziita mashahidi. Ombi likija linakaa foleni. Mashahidi watano wakilikubali linafungwa kwenye ukurasa, ukurasa unashonwa kwenye ule uliotangulia, na hakuna mkono wa mtu utakaoufumua tena. Kazi yangu ni kupima kila ombi limekaa foleni muda gani, kisha kuandika ripoti ya mwezi.

Dhambi zangu mbili mnazijua tayari. Kwanza, nilihamisha pa kuanzia kuhesabu. Mkurugenzi alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba hakuna ombi litakalopita dakika moja, nami nikampa alichokitaka. Badala ya kuhesabu tangu mwananchi abonyeze, nikawa nahesabu tangu ombi liitwe ndani. Ni kama kupima muda wa mgonjwa kuanzia pale daktari anapotaja jina lake, na zile saa tatu alizokaa kwenye benchi akikohoa ukazifuta. Fundi wa mitambo aliandika kwamba napika takwimu. Mwenye kufukuzwa akawa yeye.

Pili, asubuhi ile niliiona talaka ya dada ikiwa bado foleni. Nikashuka chini, nikachomoa waya za mashahidi watatu. Wakabaki wanne, na wanne hawafungi kitu. Saa tano na dakika kumi dada akanipigia kuniambia amefiwa, nami nikashuka kurudisha waya.

Dhambi ya tatu sikuwaambia wiki jana. Nilikuwa natafuta namna ya kuisema, na namna haikupatikana. Basi sikilizeni hivyo hivyo.

Asubuhi ya kikao dada aliamka kabla yangu. Nilimkuta kwenye kigoda cha cherehani, simu ya marehemu imechomekwa ukutani, anapiga ile namba.

Mlioanza na mimi mnaikumbuka. Kinyozi alisema marehemu alipigiwa simu dakika chache kabla ya saa nne na nusu. Sauti ilikuwa ya kike. Marehemu akasikiliza, akasema "nimekusikia" mara mbili, simu ikakatwa. Kisha akakaa anabonyezabonyeza kwa muda mrefu, povu linamchuruzika shingoni, kinyozi amesimama na wembe anangoja. Akaiweka simu mapajani, na kichwa kikalala upande.

Namba haikuwa na jina. Dada aliipiga siku hiyo hiyo, na kesho yake, na kila asubuhi kwa wiki sita.

"Haipatikani," akasema.

"Dada, achana nayo."

"Siachani nayo. Huyu ndiye aliyemtia maneno aniache. Na yeye akafa anamjibu. Nimeutafuta huo ujumbe siuoni, ameufuta ili nisiuone."

"Na ukimpata utamfanya nini?"

Alifikiri, uzi uko kati ya meno. "Nitamuuliza swali moja. Halafu nitamshona mdomo."

Nikacheka. Naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi. Nikamkumbatia, nikamwambia mwanamke wa namna hiyo Mungu hamwachi hivi hivi. Akaniegemea begani na kusema, "Ningekuwa na nani mimi kama si wewe?"

Wasomaji, laini ile ni yangu.

Kila mpimaji ana simu ya majaribio, ya kutuma maombi ya uongo ili kuona yanachukua muda gani. Namba yake haijulikani na mtu wa nyumbani. Asubuhi ile, saa nne na dakika tisa, nilikuwa natazama orodha ya maombi yaliyokaa foleni zaidi ya dakika tatu, orodha ambayo kwa ripoti zangu haipo. Nikaona namba ya kitambulisho cha dada. Naijua kwa moyo, maana fomu zake zote najaza mimi. Nilipotoka kuchomoa waya nilirudi mezani hasira zimenipanda hadi kwenye nywele, nikaokota simu iliyokuwa karibu.

"Shemeji, nimeiona," nikamwambia. "Nimeishika mimi hapa, haipiti. Miaka kumi na minne, unamwacha dada yangu kama mtu anayeagiza mkate? Naomba ufe kabla haijapita. Ufe leo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na sita. Dakika kumi na nne baadaye dua yangu ilikubaliwa. Hiyo haikukaa foleni.

Simu ile niliizima, nikaifungia kwenye droo ya ofisi. Daktari akasema ni moyo. Nami kila aliyekuja kutoa pole nilimjibu ni moyo, tufanyeje, kazi ya Mungu.

Kikao kilikuwa saa nane mchana. Nje ya chumba cha mikutano, kwenye benchi la mbao, nilimkuta Fundi. Ndiye huyo niliyemfukuzisha. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kola inang'aa, na mapajani alikuwa na bahasha ya kaki. Tangu aondoke kazini alikuwa anatengeneza redio na pasi kwenye kibaraza cha mama yake.

"Habari bosi," akasema.

"Umekuja upande wa nani?"

"Wakili wa yule mama mwenye kufuli ameniita. Mtaalamu wa kujitegemea." Alilitamka hilo jina taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Nikainama sikioni kwake. "Wewe unajua ukweli. Unajua ombi linaweza kukaa foleni hata lianze kuota mizizi."

"Mimi najua? Si nilifukuzwa kwa kusema hivyo? Barua ninayo nyumbani. Ilisainiwa na nani vile?"

"Waambie, nakuomba. Ni nyumba ya dada yangu."

"Pole," akasema, akahamishia bahasha kwenye goti la pili. Tukaitwa ndani.

Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza, feni inalia juu yake. Upande mmoja alikaa Kufuli, mweusi tii toka kilemba hadi soksi, ufunguo wa lile kufuli unaning'inia shingoni kwa uzi mwekundu. Pembeni yake Wakili wake, mtu mfupi mwenye sauti ya kuazima. Upande mwingine dada, mkoba mapajani, na simu ya marehemu ndani ya mkoba.

Wakili hakupoteza muda. Alitoa ripoti yangu, akalamba kidole, akafungua.

"'Ombi lililochelewa kuliko yote mwezi huu: sekunde thelathini na nane.' Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Umeiandika kwa akili timamu?"

"Ndiyo."

"Basi talaka iliyoletwa saa nne na dakika sita, kabla ya dakika ya saba ilishafungwa. Hii saa tano na dakika kumi na tisa iliyo kwenye cheti ni ubovu wa saa ya mashine. Au saa ya mashine ni mbovu, au wewe mama ni mwongo. Chagua."

Hakungoja nichague. Akamgeukia Fundi. "Mtaalamu, ripoti hii unaionaje?"

"Ripoti ya bosi wangu ni sahihi," akasema. "Nilibishana nayo nikafukuzwa kazi. Sina ubavu wa kubishana nayo mara ya pili."

Kufuli akapiga meza kwa kiganja. "Si mmesikia? Mtalaka huyu. Kaka yangu alimwacha, akafa mwanamume huru. Nguo zake nimeshazitia kwenye magunia ya mkaa, aje na mkokoteni. Na picha ya harusi nimetoa fremu, fremu ni ya kwetu."

Dada hakulia. Alikuwa anakunja pindo la gauni lake na kulikunjua, kulikunja na kulikunjua.

"Mdogo wangu," akasema, "kama unajua kitu, sema."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika mwisho, na mwisho wake ulikuwa miguuni pa dada yangu.

Nikasema. Nikaeleza pa kuanzia palipohamishwa, nikaeleza mfano wa mgonjwa na benchi, nikaeleza kwamba miezi kumi na sita ripoti zote zilikuwa za kupendeza macho ya wakubwa. Mkurugenzi alishika glasi ya maji, hakunywa, akairudisha.

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ulisema dakika moja, nikaleta dakika moja."

Wakili akacheka. "Maneno matupu. Leo ni dada yake, lazima aimbe. Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi ni rahisi," akasema Fundi, mara hii bila kuulizwa. "Ana simu ya majaribio. Atume ombi la jaribio hapa mezani. Tutazame saa ya ukutani, na tutazame kioo chake cha vipimo kinasema nini."

"Simu ile imeharibika."

"Kwenye orodha ya vifaa ni nzima."

"Nitakwenda kuiangalia."

"Hakuna atakayetoka," akasema Mkurugenzi. "Ufunguo wa droo."

Nilitoa ufunguo. Karani akaenda, akarudi na simu ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaiweka katikati ya meza. Nikaiwasha mwenyewe. Ikatoa kile kimuziki chake cha kuamka, ikatulia. Nikamtazama dada. Alikuwa ananitazama kwa huruma, akidhani naogopa kupoteza kazi.

Nikatuma ombi saa nane na dakika thelathini na mbili.

Tukangoja. Mnajua kungoja na watu wanaokuchukia ndani ya chumba kimoja? Feni inalia. Kufuli akapiga miayo bila kuziba mdomo. Dakika tano. Wakili akasafisha miwani. Dakika nane. Dada akafumba macho, midomo inacheza. Saa nane na dakika arobaini na tatu ombi likafungwa, na kioo cha ukutani, kile ninachotumia kuandika ripoti, kikaandika kwa rangi ya kijani: sekunde thelathini na moja.

Dakika kumi na moja za saa ya ukutani, sekunde thelathini na moja za kwangu.

Dada akanishika mkono chini ya meza. "Asante," akanong'ona. "Umejiharibia kwa ajili yangu. Sitasahau."

Lakini mambo yangu hayajawahi kuisha vizuri mara moja. Wakili alikuwa anaandika kwenye kipande cha karatasi, anajumlisha, na alipoinua uso alikuwa anatabasamu.

"Tumekubali. Dakika kumi na moja," akasema. "Saa nne na dakika sita, ongeza kumi na moja, tunapata saa nne na dakika kumi na saba. Marehemu alikufa saa nne na dakika arobaini. Bado alikuwa hai dakika ishirini na tatu nzima, mke ameshaachwa. Tunashukuru kwa kutusaidia."

Kufuli akaanza kukusanya mkoba wake.

Mkono wa dada ukalegea mkononi mwangu. Nilikuwa nimejichoma moto na hata chai haijachemka. Kilichobaki kilikuwa kimoja, na hicho ni cha polisi, si cha barua ya kufukuzwa.

"Hazikuwa dakika kumi na moja," nikasema. "Siku ile kwa zaidi ya saa nzima hakuna kilichofungwa. Nilichomoa waya."

"Waya gani?" Mkurugenzi akauliza, ingawa uso wake ulionyesha ameshaelewa.

"Za mashahidi watatu wa chini. Niliiona talaka ya dada, nikaizuia kwa mkono wangu."

"Pamoja na maombi ya watu wengine wote?"

"Pamoja na ya wote."

Mkurugenzi alivua miwani. Aliniambia, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kwamba kuanzia dakika ile mimi si mtumishi wa ofisi ile, na kwamba karani asimame mlangoni mpaka askari wafike. Kisha akamgeukia Fundi. "Hili linathibitika?"

Hapo ndipo Fundi alipofungua bahasha.

Hakuwa na haraka. Alitoa karatasi moja tu, akailainisha mezani kwa ubavu wa mkono.

"Linathibitika. Tangu saa nne na dakika kumi na mbili mpaka saa tano na dakika kumi na nane daftari halina ukurasa hata mmoja. Halafu unakuja ukurasa huu. Mstari wa nne ni talaka." Kidole chake kikateremka. "Mstari wa tisa, ombi limepokelewa saa nne na dakika thelathini na tatu. Mwenye talaka anairudisha talaka yake. Kidole ni chake, simu ni yake."

"Anairudisha maana yake nini?" akauliza dada.

"Alibadili mawazo, mama. Aliiondoa. Na mfumo haupokei marejesho ya kitu kilichokwisha fungwa, unakataa hapo hapo. Hapa ulipokea. Kwa hiyo saa nne na dakika thelathini na tatu talaka ilikuwa bado foleni, na mwenyewe akaitoa akiwa hai. Wewe hukuachika hata nukta moja."

Wakili alinyang'anya karatasi, akaisoma, akaisoma tena, akaiweka chini.

"Wewe ulijua hili tangu lini?" Mkurugenzi akamuuliza Fundi.

"Tangu wiki ya mazishi. Daftari liko wazi, mtu yeyote anaweza kulisoma."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa kama ripoti ni sahihi."

Akanigeukia. "Karatasi hii ningeitoa kabla hatujainuka, bosi. Nyumba ya dada yako haikuwa na hatari. Ungenyamaza tu, ungetoka hapa na kazi yako. Nilitaka kwanza nikusikie ukisema kwa mdomo wako."

Nisiwafiche, nilitaka kumrukia. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi ningeweza kuisoma. Kila siku nilipita juu ya ukurasa ule macho yamefumbwa, kama mwizi anayezunguka mtaa wa nyuma ili asiione nyumba aliyoivunja. Wiki sita mstari wa tisa ulikuwa pale unaningoja, nami napima sekunde.

Mkurugenzi akaamuru kufuli litolewe jioni ile. Kufuli alivua ufunguo shingoni, uzi ukamnasa sikioni, akauvuta kwa hasira na kuutupa mezani. Ukateleza mpaka mbele ya dada. Dada hakuugusa.

Alikuwa analia, lakini si kilio cha wiki sita zilizopita.

"Aliirudisha," akasema. "Jamani, mume wangu aliirudisha. Kumbe pale alipokuwa anabonyeza hakuwa anamwandikia mwanamke. Alikuwa ananirudia mimi."

Nikataka kufa kwa furaha yake. Sikupata nafasi.

"Basi yule aliyempigia," akaendelea, akipangusa macho, "yule nimemtukana bure. Kila asubuhi namlaani, kumbe ndiye aliyemgeuza moyo."

Kwa nukta moja, wasomaji, nilitamani kusema ni mimi. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Ningekuwa shujaa na mtuhumiwa kwa siku moja.

"Lakini kinyozi alisema alipokata ile simu mikono ilikuwa inamtetemeka," dada akasema polepole. "Povu likawa linaonekana jeusi kuliko uso wake. Mtu akikushauri vizuri hutetemeki hivyo. Alimwambia nini?"

Kwenye mkoba wake simu ikalia mlio mfupi, wa ujumbe.

Aliitoa. Ilikuwa ya marehemu. Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, maana miwani yake iko kwenye magunia ya mkaa. "'Namba uliyokuwa unapiga sasa inapatikana.'"

Ujumbe wenyewe ulikuwa umechelewa. Simu niliiwasha karibu nusu saa nyuma. Maisha yangu yote nimepima ucheleweshaji, na huu ndio pekee niliotamani usiishe.

"Dada," nikasema, "subiri kwanza."

Alishabonyeza.

Simu ya majaribio ikaita katikati ya meza. Ikatetemeka, ikajisogeza, ikagusa ule ufunguo wenye uzi mwekundu na kuugongagonga. Hakuna aliyeipokea. Dada aliitazama, akaitazama ya mkononi mwake, akakata. Kimya. Akapiga tena, ikaita tena.

Alikata. Hakunitazama bado. Alimtazama karani, na Mkurugenzi, na Wakili, kama mtu anayetafuta mwenye simu mwingine, yeyote, hata awe adui.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Waliotazama sakafu walitazama sakafu. Kufuli, peke yake, alikuwa ananikodolea macho, na tabasamu lilianza kumwota taratibu.

"Dada, alibadili mawazo," nikasema. "Hilo ndilo la maana. Nilimpigia kumsihi. Nilimwambia akufikirie wewe na watoto. Ni hilo tu, naapa kwa kaburi la mama."

Macho yake yakalainika. Mungu wangu, alikuwa ananiamini. Alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono aniguse.

Fundi akakohoa. Hakutabasamu, na nadhani hata yeye alikuwa ameona ametosheka, lakini mdomo ulishafunguka.

"Simu za majaribio zinarekodi kila kitu, bosi," akasema. "Niliziweka hivyo mwaka jana, ili kila jaribio liwe na ushahidi wake. Niliandika kwenye waraka wangu. Ule uliosema huna muda wa kuusoma."

Mkono wa dada, uliokuwa unakuja kwangu, ukabadili njia. Ukausukuma ule ufunguo pembeni, ukaokota simu yangu, ukaishika vizuri karibu na macho yake yasiyoona vizuri.

Asubuhi alisema akimpata mwanamke yule atamuuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "nibonyeze wapi?"